Kura za Bonde la Kilombero: nani aliziunganisha, nani alizigawa

Ukitoka Mikumi kuelekea kusini unavuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia Kidatu, kisha miwa inakusindikiza hadi milima ya Udzungwa inapojitokeza pale Mang'ula. Mbele yako ni Ifakara. Atakayeendelea na treni ya TAZARA atazipita Mngeta na Chita, afike Mlimba kabla reli haijaanza kupanda kwenda Makambako. Oktoba 2015 njia hiyo yote iligeuka. Mikumi ilimchagua Joseph Haule, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Profesa Jay. Kilombero, yenye makao yake Ifakara, ilimchagua Peter Lijualikali. Mlimba, jimbo lililokuwa ndiyo kwanza limemegwa kutoka Kilombero, likaenda kwa Susan Kiwanga. Wote watatu walikuwa wa CHADEMA. Ndani ya usiku mmoja wa kuhesabu kura, CCM ilikuwa imepoteza majimbo matatu yanayopakana, kuanzia mashamba ya miwa hadi mwisho wa mpunga.

Ng'ambo ya Mto Kilombero mambo yalikuwa tofauti. Malinyi ilibaki na Dk. Haji Mponda wa CCM, aliyewahi kuwa Waziri wa Afya. Ulanga ilimpoteza Celina Kombani, waziri na mbunge wake wa miaka mingi, aliyefariki Septemba katikati ya msimu wa kampeni; kiti kikaenda kwa Goodluck Mlinga, naye wa CCM. Siku hizo mto ulikuwa ukivukwa kwa kivuko, na mtu aliyetazama ramani ya matokeo angeweza kudhani kwamba ndio uliokuwa mpaka wa vyama.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ule ulikuwa upepo wa Edward Lowassa, mgombea urais wa upinzani, uliovuma kila mahali mwaka ule. Yana ukweli, lakini ni nusu. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais nchi nzima, na bado majimbo mengi hayakutikisika. Ukiangalia historia ya kura katika bonde hili, unaona kwamba kambi za wapigakura hazikuundwa na mapenzi ya chama peke yake. Ziliundwa pia na kanuni: nani anaruhusiwa kupiga kura, anapiga ngapi, zinahesabiwa vipi, na aliyeshindwa anapewa nini. Kanuni hizo zimebadilika mara kadhaa tangu mwaka 1958, na kila zilipobadilika, watu wa bonde hili walijikuta wamepangwa upya.

Kura tatu kwa mpigakura mmoja

Mwaka 1958 Ifakara ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Ulanga, boma lake likiwa juu mlimani Mahenge, na Ulanga yenyewe ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imekubali wananchi wachague baadhi ya wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa masharti. Mpigakura awe na umri wa miaka 21 au zaidi, na juu ya hapo awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika wadhifa unaotambuliwa. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika 60,000.

Fikiria masharti hayo yalimaanisha nini bondeni. Walimu waliosomea kwa mapadre wangeweza kuingia kwenye daftari, pamoja na makarani wa boma, watumishi wa hospitali, wafanyabiashara wa Kiasia wenye maduka mjini na wazee wa utawala wa kijadi. Mvuvi wa Kindamba aliyelijua kila tawi la mto, au mkulima wa mpunga aliyelisha nusu ya mji, hakuwa mpigakura.

Sharti lililoumiza vichwa zaidi lilikuwa la kura tatu. Kila mpigakura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa pamoja. Karatasi isiyokuwa na majina yote matatu iliharibika. Lengo lilikuwa kuyapa makundi madogo nafasi sawa na Waafrika, ambao walikuwa karibu wananchi wote. Twining alikuwa akikiunga mkono chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kupingana na TANU, na kanuni ile ilionekana imekatwa kwa kipimo cha UTP.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama isusie. Wengi walitaka kususa. Julius Nyerere aliwageuza, hoja yake ikiwa kwamba chama kitakachokaa nje kitawaachia wapinzani ukumbi mzima. Uamuzi ule ulikuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC. Kuanzia hapo swali la kususia au kushiriki halijawahi kuondoka kabisa katika siasa za Tanganyika.

Jambo ambalo wakazi wengi wa Ifakara hawaambiwi shuleni ni kwamba Nyerere mwenyewe aligombea katika Jimbo la Mashariki. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi zilizopigiwa kura na wale wachache wa Ulanga. Mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru msomi mwenye heshima kubwa Morogoro. Nyerere alipata zaidi ya kura 2,600, Kunambi akapata karibu 800. Ukabila, ambao watu wa serikali walidhani ungemwangusha mtu wa Butiama katika ardhi ya Waluguru, haukufanya kazi hiyo.

Kanuni ya kura tatu iliwageukia walioitunga. Kwa kuwa mpigakura wa Kiafrika alilazimika kumchagua pia Mwasia na Mzungu, na Waafrika ndio waliokuwa wengi katika daftari, TANU ilikaa chini ikachagua ni Waasia na Wazungu gani itawaunga mkono. Wagombea wa rangi zote walijikuta wakitafuta baraka za chama ambacho wakati huo hakikuandikisha wanachama wasio Waafrika. Marafiki wa TANU walishinda, UTP ikafa. Hii ndiyo kambi ya kwanza ya uchaguzi tuliyopata kuwa nayo, na ilizaliwa na kanuni iliyokusudiwa kuizuia.

Jembe na nyumba

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na yule mmoja aliyebaki, Herman Sarwatt wa Mbulu, naye alikuwa mwanachama wa TANU aliyegombea kivyake. Wagombea 58 walipita bila kupingwa. Mwaka 1962 Mtemvu alijaribu kugombea urais dhidi ya Nyerere akaambulia kura za kuhesabika. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, na bondeni jambo hilo lilikuwa zito kuliko inavyodhaniwa. Wabena wa kule walikuwa na utemi wenye mizizi, na Mtema Towegale Kiwanga alishiriki kuandika kitabu kuhusu watu wake pamoja na A. T. na G. M. Culwick, kilichotoka mwaka 1935. Baada ya 1963 wadhifa wa mtema haukuwa tena na nafasi serikalini. Mtu mwenye jina kubwa alilazimika kuomba kura kama wengine.

Ndipo ikaja kanuni ambayo wazee bado wanaikumbuka. Mwaka 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja, lakini kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU. Mkutano mkuu wa wilaya uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha majina mawili, na kila mmoja akapewa alama: huyu jembe, huyu nyumba. Walizunguka pamoja na kusimama jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama. Walikatazwa kutumia lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Sera hazikuwa za kubishania, maana ilani ilikuwa moja.

Kwa hiyo mpigakura alibaki kupima mtu. Huyu ametuletea nini? Anaijua barabara yetu inavyofungwa na masika? Ni wa upande gani wa mto? Kanuni ilizuia maswali ya ukoo na dini yasisemwe jukwaani, lakini haikuweza kuyazuia yasisemwe vilabuni. Kambi zilikuwepo, ila hazikuwa na bendera. Wala ushindani ule haukuwa mchezo wa kuigiza kama wengine wanavyosema leo. Mwaka huo huo wa 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa na wapigakura wake. Mtindo wa wagombea wawili ulidumu hadi uchaguzi wa 1990, yaani robo karne, na bonde la Kilombero lilijifunza ndani yake tabia ya kumhukumu mbunge kwa jina lake.

Katika robo karne hiyo bonde lenyewe lilibadilika watu. Kiwanda cha sukari kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuita vibarua kutoka kila upande. Kati ya 1970 na 1975 Wachina na Watanzania walijenga reli ya TAZARA, na vijiji vya ujamaa vikapangwa kando yake. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Kilombero ikawa wilaya inayojitegemea, ikaachana na Mahenge. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa, na Wabarbaig na Wamasai waliokuwa wakifuata malisho. Bonde lililokuwa la Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena likawa na watu wa kila mahali, kila mmoja na dai lake juu ya ardhi ile ile yenye rutuba.

Kwa mwanasiasa huo ni mtihani. Mkulima aliyeliwa mpunga anataka kusikia kwamba mifugo itaondolewa. Mfugaji anataka kusikia kwamba atapewa eneo. Ahadi kwa mmoja ni tishio kwa mwingine, na wote wawili wana kadi ya kupigia kura. Mwaka 2012, wakati serikali ilipoendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, eneo ambalo tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, nguvu na uchungu vilionekana kwa pande zote. Chama chochote kinachotaka kura za bonde hili lazima kipitie kwenye mgogoro huo, na sijaona ambacho kimepita bila kuchafuka.

Aliyeshindwa Kilombero akaingia bungeni

Vyama vingi vilirudi kisheria Julai 1992, ingawa Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta kwamba karibu wananchi wanane kati ya kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kanuni iliyoambatana na mfumo huo ni ile tuliyoirithi kwa Waingereza: jimbo moja, kiti kimoja, mwenye kura nyingi anachukua, hata kama hakufikisha nusu. Kwa upinzani uliogawanyika hiyo ni sumu. Mwaka 1995 Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais, Profesa Ibrahim Lipumba na John Cheyo wakagawana mabaki, na majimboni hadithi ikawa hiyo hiyo. CCM haikuhitaji kuwashinda wote kwa pamoja. Ilitosha wagawanyike.

Kilombero iliendelea kuwa ya CCM. Abbas Gulamali, ambaye mashabiki wa soka walimjua zaidi kama mfadhili wa Yanga, aliwahi kuiwakilisha. Mwaka 2005 alichaguliwa Castor Ligallama, na mwaka 2010 Abdul Mteketa. Lakini uchaguzi wa 2010 unakumbukwa Ifakara zaidi kwa aliyeshindwa.

Regia Mtema alizaliwa mwaka 1980. Alikuwa na ulemavu wa mguu, na aligombea Kilombero kwa tiketi ya CHADEMA akiwa na umri wa miaka 30 katika jimbo ambalo wakati huo lilianzia Kidatu hadi ng'ambo ya Mlimba, mengi yake yakiwa hayana lami. Alishindwa na Mteketa. Wiki chache baadaye alikuwa akila kiapo Dodoma, mbunge wa Viti Maalumu, na punde akawa waziri kivuli wa kazi na ajira.

Aliingiaje? Bunge letu lina milango miwili. Wa kwanza ni wa jimbo. Wa pili ni wa orodha ya wanawake: Katiba inataka wanawake wa Viti Maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote, na viti hivyo hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, mradi chama kifikishe asilimia 5. Kura iliyopigwa Ifakara kwa mgombea aliyeshindwa haitupwi. Inaingia kwenye jumla ya taifa. Mwaka 2005 CHADEMA ilikuwa na wabunge 11 tu. Mwaka 2010 ilifikisha 48, na 25 kati yao waliingia kwa mlango huo wa pili. Susan Kiwanga, ambaye miaka mitano baadaye angeshinda Mlimba, alikuwa mmoja wao.

Mlango wa namna hiyo, wa orodha na uwiano wa kura lakini si wa wanawake tu, ndio mlango pekee katika baadhi ya nchi, na mfano unaosumbua watu zaidi ni Israel. Pengine mfano huo hauko mbali na bonde letu kama unavyoonekana: kambi ya JKT iko Chita, katikati ya Mngeta na Mlimba, na Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 likisaidiwa na washauri wa Israel. Bunge lao, Knesset, lina viti 120, na nchi nzima ni jimbo moja. Mpigakura anachagua chama, hachagui mtu. Tangu uchaguzi wa kwanza wa 1949 hakuna chama hata kimoja kilichowahi kupata viti 61 peke yake, kwa hiyo kila serikali ni ya muungano. Kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022 walipiga kura mara tano, kwa sababu kambi ya Benjamin Netanyahu na kambi ya wasiomtaka zilikuwa zikikabana koo. Uchaguzi wa tano uliamuliwa na kanuni ya kuhesabu. Chama kisichofikisha asilimia 3.25 hakipati kitu. Meretz, chama cha upande wa wasiomtaka Netanyahu, kilikosa kidogo sana, Balad cha upande huo huo kikakosa pia, na kura zao zikapotea. Kambi mbili zilizokaribiana sana kwa kura zikatoka na viti 64 kwa 56.

Tofauti na sisi ni mahali ambapo kambi inajengwa. Israel vyama hugombana kwanza, halafu baada ya matokeo viongozi wanaketi kufanya hesabu ya nani akae na nani. Kwetu, chini ya kanuni ya mwenye nyingi kuchukua kiti, anayesubiri baada ya matokeo amechelewa. Kambi lazima ijengwe kabla ya karatasi kuchapishwa, jimbo kwa jimbo, na hapo ndipo wapinzani wetu waliposhindwa kwa miaka ishirini.

Regia Mtema hakuishi kuona walipofaulu. Alifariki Januari 14, 2012, katika ajali ya gari Ruvu mkoani Pwani, akazikwa Ifakara. Mbunge wa Viti Maalumu akifariki hakuna uchaguzi mdogo. Jina linalofuata kwenye orodha ya chama linachukua nafasi. Kwa hiyo bonde halikupata nafasi ya kupiga kura juu ya urithi wake. Lakini jina lake lilikuwa limeshafanya kazi ambayo takwimu za kushindwa haziionyeshi, nayo ni kuwazoesha watu wa Kidatu, Mang'ula na Mngeta kuona bendera ya CHADEMA kama bendera ya mtoto wa nyumbani.

Bendera moja jimboni

UKAWA ulizaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, wakati CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na wenzao walipotoka nje wakidai rasimu ya Jaji Joseph Warioba imetelekezwa. Haukuanzishwa kama mpango wa uchaguzi. Ulipogeuka kuwa mpango wa uchaguzi ulikutana na sheria ya wakati huo, isiyotoa nafasi kwa umoja wa vyama kusimamisha mgombea kwa jina lake. Njia iliyobaki ilikuwa kugawana majimbo: hapa anasimama wa CUF, pale wa CHADEMA, wengine wakae pembeni. Kwingine walishindwa kuelewana wakasimama wawili wawili wakakosa wote. Katika bonde la Kilombero bendera ya upinzani iliyosimama kwa nguvu ilikuwa ya CHADEMA, na mchanganyiko wa mambo ulikuwa tayari: jimbo limekatwa vipande viwili na kuwa rahisi kulizunguka, wagombea wanajulikana, na Lowassa yuko juu ya karatasi ya urais.

Mimi naongeza sababu nyingine. Upande wa kaskazini wa mto ndio wenye kiwanda, reli na wakulima wa nje wa miwa wenye vyama vyao vya kuuzia kiwandani. Hawa ni watu waliozoea kukaa vikao, kuhesabu tani, kubishana na mwajiri au mnunuzi, na kuwachagua na kuwaondoa viongozi wao. Ng'ambo ya mto, Ulanga na Malinyi, maisha yalitegemea zaidi shamba la familia na masoko yaliyokatwa na maji nusu ya mwaka. Sidai kwamba hilo linaeleza kila kura. Linaeleza kwa nini mahali pamoja palikuwa na watu wa kusimama vituoni kama mawakala hadi alfajiri, na pengine hapakuwa nao wa kutosha.

Kushinda ubunge ni jambo moja, kushika halmashauri ni jingine. Machi 2016 uchaguzi wa mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero uligeuka vurugu. Kwa kuwa jimbo la Lijualikali liligawanyika kati ya halmashauri hiyo na ile ya Mji wa Ifakara, kura yake ihesabiwe wapi lilikuwa swali lenye uzito: katika baraza lenye madiwani wa vyama viwili wanaokaribiana, kura moja ndiyo mwenyekiti. Mbunge alifikishwa mahakamani kwa kufanya fujo. Januari 2017 Mahakama ya Wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi sita bila faini, akavaa sare ya wafungwa, na mwishoni mwa Machi mwaka huo Mahakama Kuu ikamwachia huru.

Wakati huo mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imepigwa marufuku tangu katikati ya 2016, na ingebaki hivyo hadi Januari 2023. Marufuku hiyo inatajwa sana kwa habari ya viongozi wa kitaifa, lakini iliyoumia zaidi ni kambi ya jimboni. Chama tawala kina balozi wa nyumba kumi, kina tawi kila kijiji, kina watu wa kukutana nao hata bila jukwaa. Upinzani wa Mlimba ulikuwa na jukwaa, na lilipoondolewa ulibaki na mazishi na harusi.

Ndipo msimu wa kuhama ukaanza. Nchi nzima madiwani na wabunge wa upinzani walitangaza kujiunga na CCM, wengi wakitumia maneno yale yale kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kujitoa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2020 Lijualikali naye akahama. Aliyelala gerezani kwa ajili ya kura ya mwenyekiti wa halmashauri akaingia upande uliokuwa umemshitaki kisiasa. Ifakara ilimjadili sana, na si kwa maneno ya kuandikwa gazetini.

Kuhama hakukumrudishia kiti. Mgombea wa CCM Kilombero mwaka huo alikuwa Abubakari Asenga, akashinda. Mlimba ilikwenda kwa Godwin Kunambi, aliyekuwa mkurugenzi wa Jiji la Dodoma. Majina Morogoro hujirudia, na msomaji asimhusishe na yule wa 1958 kwa sababu ya jina tu. Mikumi nayo ikarudi CCM. Ile njia iliyogeuka Oktoba 2015 ikarudi kijani yote, wapinzani wakilalamika kwamba mawakala wao walizuiwa na hesabu haikuwa ya haki. Kati ya majimbo 264, CHADEMA ilitangazwa kushinda moja tu, Nkasi Kaskazini mkoani Rukwa. Mwaka uliofuata Lijualikali aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya, na wilaya aliyopewa ni Nkasi. Kama ni mzaha wa historia, basi historia ina ucheshi mkali.

Kutoka hapo hadi 2025 kanuni zilibadilika tena, angalau kwa majina. Tume ikaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, majimbo yakaongezwa hadi 272. Daraja la Magufuli lililofunguliwa mwaka 2018 limeshaondoa kivuko pale mtoni, na leo mtu wa Lupiro anaweza kusikiliza mkutano Ifakara akarudi kulala kwake. Mpaka wa vyama uliochorwa na maji mwaka 2015 ungeweza kupimwa upya kwa haki zaidi.

Haukupimwa. CHADEMA iliingia mwaka 2025 na msimamo wa kutaka mabadiliko kabla ya uchaguzi. Aprili mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alishitakiwa kwa uhaini, na mwezi huo huo chama kilikataa kusaini kanuni za maadili za uchaguzi, kikaambiwa hakitashiriki. Wale waliokumbuka Tabora ya 1958 walirudia mjadala ule ule wa kususia na kushiriki, safari hii pasipo Nyerere wa kugeuza ukumbi. Oktoba 29 wapigakura wa Kilombero na Mlimba walipofungua karatasi zao hawakuikuta CHADEMA. Na kwa kuwa Viti Maalumu hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge, chama kisichokuwa na mgombea hakina kura za kupigiwa hesabu: mlango wa pili, ule alioingilia Regia Mtema baada ya kushindwa, ulifungwa pamoja na wa kwanza.